Bi Mgeni wa Sura ya Nne

Pangani, Kibaha
Jumamosi, alasiri

Mwanangu Nasra,

Salamu tumepeana asubuhi, na hali yangu unaiona mwenyewe, kwa hiyo yote mawili nayapita. Wewe umekwenda Mlandizi kumuaga shoga yako. Baba yako yuko uani anafunga kamba begi ambalo halihitaji kamba. Mimi nimepata meza. Nimeamua kuandika kwa sababu mdomo wangu haufai kwa mambo haya. Nikianza kuongea na wewe huwa naishia kukuuliza kama umeanua nguo. Kwa kalamu nina adabu kidogo.

Sitakuandikia habari za kula vizuri wala za kuchagua marafiki. Umeshakuwa mtu mzima, na mlango wa Dodoma unafungwa kama wa Kibaha. Nataka kujibu swali lako. Tulipotoka kwenye kile kikao cha Kisarawe ulinifuata jikoni ukaniuliza, "Mama, kitabu nikipeleke au nikiache?" Nami nikasema maharage yanaungua. Maharage hayakuwa yanaungua. Sikuwa na jibu, na tangu siku hiyo hukuniuliza tena.

Kesho unakwenda Dodoma kuanza kazi kwa wachapishaji, na hao hao wamekubali kuitoa riwaya yako. Wanasubiri neno lako tu. Mama Mkubwa Mwajuma naye amesema kitabu hicho kikitoka, wewe na yeye basi. Huyo ni dada yangu, ndiye aliyekupokea mikononi ulipozaliwa na ndiye aliyekupa jina. Najua kwamba hulali. Nasikia godoro lako.

Jibu ninalo sasa. Lakini nataka uone lilikotoka, la sivyo utadhani nimekuonea huruma tu.

Nianze na kazi yangu. Nilipomaliza kidato cha nne na kukosa nafasi ya kuendelea, nilichukuliwa kufagia maktaba ya shule, na baadaye wakaniacha nigonge mihuri, nibandike migongo ya vitabu iliyochanika na kuvipanga rafuni. Unajua ninavyopenda kupanga. Karibu na meza yangu nilikuwa na rafu moja niliyoitenga kwa ajili ya wasichana. Hakuna aliyenituma. Nilichagua mwenyewe vitabu vya kuweka humo, na nilichagua kwa nia njema. Karibu vyote vilikuwa habari moja: msichana anadanganywa na mwenye gari, au anamkaidi mama yake, au anapenda nguo. Mwisho anapata mimba, au anafukuzwa shule, au anakufa. Pembeni kuna mama anayelia. Kama kuna mke mwenza au mama wa kambo, huyo ni mchawi. Na msichana mwema ni yule ambaye hafanyi kitu chochote tangu mwanzo hadi mwisho.

Nilikuwa nikivileta nyumbani, nikakusomesha na wewe. Ulikuwa darasa la sita uliponiuliza, "Mama, kwani lazima wafe?"

"Akina nani?"

"Hawa wasichana wa vitabu vyako. Wakivaa gauni tu, wanakufa."

Nikakuambia ndilo funzo. Ukatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, na mimi nikafurahi.

Kuna jambo nililiona kwa miaka mingi pale maktaba bila kulielewa. Vitabu vile vilipokuwa vikirudi, nilivikagua ukurasa kwa ukurasa kabla ya kuvirudisha rafuni. Kurasa za mwanzo, pale msichana anapovaa na kutoka kwenda kuona dunia, zilikuwa zimechakaa kwa vidole, nyingine zimekunjwa kona. Kurasa za mwisho, pale anapoadhibiwa, zilikuwa safi kama zimetoka dukani. Mimi nikajisemea kwamba wasichana wa siku hizi ni wavivu, hawamalizi kitabu. Sikujiuliza walikuwa wanatafuta nini huko mwanzo.

Vichache vilivyoandikwa na wanawake nilivijua kwa rangi za majalada. Kimoja kilikuwa na mwanamke anafua nguo, anawaza mambo yake mwenyewe, ukurasa mzima, na hakuna anayemwadhibu kwa kuwaza. Nilikisoma nimesimama, nikachelewa kufunga maktaba. Halafu nikakiweka rafu ya juu kabisa, kwa kuwa sikuona kinawafunza nini wasichana. Ona nilivyokuwa. Kitabu pekee kilichonisimamisha, nikakiweka mahali ambapo mtoto hafiki.

Usicheke, lakini na mimi ni mwanamke anayeandika. Unazijua shajara zangu, kila siku na tarehe yake. Juzi nilifungua siku uliyozaliwa. Nimeandika: Mvua tangu asubuhi. Mtoto wa kike, kilo tatu. Dada Mwajuma amekuja na uji. Basi. Hakuna mahali nilipoandika kwamba niliogopa, wala kwamba nilikutazama kucha zako nikashindwa kulala. Mtu akizisoma zote atajua ni lini tuliezeka upya na ni lini mvua ilichelewa, lakini mwanamke mwenye nyumba hiyo hatamwona. Kwa hiyo ninapokuambia juu ya kitabu chako, sikuambii kama anayejua. Nakuambia kama mtu aliyelikosea jambo hilo hilo kabla yako.

Sasa nije kwenye kitabu. Uliponipa ule mswada niliusoma jioni tatu, na nilipomaliza nilimpigia simu Dada Mwajuma kabla hata sijakurudishia. "Nasra kaandika habari za Mama!" nikamwambia. Sikukuuliza kwanza. Fahari ilinipanda kichwani. Nilisahau kwamba habari za Mama, Bibi yako, ni habari za Mwajuma pia.

Wewe ulizipata kwa Bibi mwenyewe, zile siku ulizokuwa ukienda Kisarawe kumkanda miguu. Sisi watoto wa baba wa pili tulikua tukiambiwa kwamba mume wa kwanza wa Mama, Mzee Kondo wa Maneromango, alimwacha mjane. Kumbe alikuwa hajafa. Mama ndiye aliyeondoka. Alikuwa mke mdogo. Mke mkubwa alikuwa Bi Mgeni. Mama akatoka alfajiri moja akarudi kwao, na mtoto wake, aliyekuwa anaanza kukimbia, akamwacha kule. Mtoto huyo ni Mwajuma. Ukaiweka hiyo alfajiri kuwa sura ya nne, ukabadilisha majina ya watu, ukaacha jina la kijiji.

Nilijitafuta humo na mimi. Baba yako alicheka mpaka akakaa chini nilipomwonyesha kwamba mama wa msimulizi amekufa ukurasa wa tatu. Nikakuuliza, "Nasra, mimi umeniua kwa sababu gani?"

"Mama, angeishi angezuia kila kitu."

Labda ni kweli.

Kile kikao unakikumbuka, lakini wewe ulikuwa umeinamisha kichwa, hukuziona sura za watu. Mimi nilikuwa naziona. Mjomba Shomari alikaa katikati ya mkeka, akakohoa kama anafungua kesi ya shamba.

"Tumekutana hapa kwa ajili ya huyu mwanamke wa kitabuni aliyemwacha mume wake," akasema.

"Mjomba, ni mtu wa kubuni," ukamwambia.

"Wa kubuni anakaa Maneromango?"

"Ni jina la mahali tu, Mjomba."

"Basi mhamishe. Mpeleke Tanga. Watu wa Tanga wameshazoea kuandikwa."

Baba yako, Mnyamwezi asiyejua kunyamaza mbele ya Wazaramo, akadakia, "Tanga mbali, nauli yake atatoa nani? Nyie watu hata wa kubuni mnamfukuza kijijini?"

"Nyamaza wewe, mbeba mizigo uliyekuja kwa miguu kutoka Tabora!" Mjomba akamrudishia, na watu wakacheka. Mama Mkubwa hakucheka. Alikuwa anaviringisha pindo la kanga yake kidoleni.

Ndipo Bibi akasema, "Soma."

"Nisome nini, Bibi?"

"Hapo mnapopagombania. Mnagombana juu ya kitu sijakisikia."

Ukasoma sura ya nne yote. Bibi alifumba macho, mkono sikioni. Ulipomaliza akayafumbua.

"Huyo mwanamke analia sana," akasema.

"Bibi, alikuwa anamwacha mtoto wake."

"Nilikuwa namwacha mtoto wangu, ndiyo. Lakini hapo nimelia mlangoni, nikalia njiani, nikalia tena kwa yule mwenye baiskeli. Maji yote hayo niliyatoa wapi, na kilikuwa kiangazi?"

Watu wakaangua kicheko, hata wewe.

"Sasa Bibi, ulikuwa unawaza nini?"

"Nilikuwa nawaza mbwa wa jirani. Huyu mbwa akibweka, nimekwisha. Kulia nililia baadaye sana, naosha vyombo, na sikuonwa na mtu. Hapo hukuweka."

Mjomba akaona amepata nafasi. "Kwa hiyo, Mama, unakikataa."

"Nikatae nini? Huyu si mke mwenzangu?" Akakunyooshea kidole. "Mjukuu wangu, na baba yake Mnyamwezi. Utani umenizunguka pande mbili. Nikifa, nani atavaa kanga yangu anicheze mbele ya watu? Si huyu? Basi na anicheze sasa nipate kumkosoa. Nikiwa ndani ya jeneza nitamkosoaje?"

Wewe umekulia Kibaha, mazishi mengi uliyohudhuria ni ya watu wa maofisini ambao watani wao wako mbali, kwa hiyo nataka nikueleze Bibi alikuwa anasema nini. Babu yako alipozikwa, mtani wetu mmoja, mwanamke jirani, alivaa koti la marehemu na kofia yake, akaenda mlangoni akavuta komeo kuona kama limefungwa. Akaondoka hatua mbili, akarudi, akavuta tena. Akaondoka, akarudi. Ndivyo Babu alivyokuwa kila jioni ya maisha yake, na hakuna aliyewahi kulisema hilo kwa maneno. Mama alikuwa amekaa eda ndani, akachungulia, akacheka kwa sauti, na kicheko kikageuka kilio pale pale. Kabla ya hapo alikuwa hajalia. Yule mwanamke hakutuambia kwamba Babu alikuwa mtu mwema. Alivuta komeo tu. Lakini alikuwa amemtazama miaka mingi ng'ambo ya ua.

Utakumbuka pia neno la mwisho la Bibi siku ile. "Ila huyu mke mwenza uliyemweka humu simjui. Bi Mgeni niliyekaa naye mimi hakuwa huyu. Na habari zake si zangu kuzitoa. Mwenye nazo amekaa pale."

Sote tukamgeukia Mama Mkubwa. Akasimama, akachukua mkoba wake.

"Mama ametoa ruhusa ya kwake," akasema. "Ya kwangu hajaiomba mtu."

"Dada, chai imeiva," nikamwambia.

"Kunyweni."

Akaenda zake. Wewe ukachukulia kwamba ana hasira kwa kuwa siri imetoka. Mimi pia. Nikakaa na wazo hilo, nikiona kwamba hakuna njia: ukikitoa umempoteza Mama Mkubwa, ukikiacha umejipoteza mwenyewe, na mimi nikichagua upande nimempoteza mmoja wenu.

Alhamisi niliomba ruhusa kazini nikaenda kwake. Sikukuambia kwa sababu sikujua nitarudi na nini. Nilimkuta nyuma ya soko anamenya mihogo ya kukaanga, sufuria ya mafuta iko jikoni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja na hicho kitabu?"

"Nimekuja nacho."

"Kiweke mbali na mafuta." Akamenya mhogo mmoja mpaka ukaisha. "Haya, soma hiyo sura. Siku ile sikusikia vizuri, damu ilikuwa inanipiga masikioni. Soma polepole, mimi nina kazi."

Nikasoma. Hatukufika mbali.

"Huyu mtoto hana jina?"

"Ni riwaya, dada. Si lazima kila mtu awe na jina."

"Mbuzi wa Mzee Kondo ana jina humo. Nimesikia. Anaitwa nani?"

Nikatafuta mstari. "Sultani."

"Mbuzi ni Sultani. Mimi ni 'mtoto'. Mtoto alilia, mtoto alishika kanga, mtoto aliachwa. Kama kikapu." Akatupa mhogo majini. "Endelea."

Nikaendelea mpaka pale mke mkubwa anapotia jivu kwenye mboga, na pale anapopiga kigelegele mlangoni mke mdogo alipoondoka. Dada akaweka kisu chini.

"Nani kamwambia mtoto huyu maneno hayo?"

"Hakuna aliyemwambia. Amebuni. Wake wenza ndivyo walivyo kwenye vitabu."

Nilijisikia nikisema, Nasra. Nilisema kama mtu anayetaja mahali chumvi inapowekwa.

"Vitabu vyako vya huko maktaba?"

"Ndiyo."

"Basi hivyo vitabu havijawahi kuishi na mke mwenza."

Akanisimulia. Sitakuandikia yote, kwa sababu ambayo utaiona. Nitakuandikia kiasi cha kukufanya usiridhike na sura hiyo ya nne. Bi Mgeni ndiye aliyemwambia Mama aondoke. Fimbo ya Mzee Kondo aliijua yeye kabla Mama hajaijua. Walikuwa wanatwanga, akamwambia, "Wewe bado mdogo, nenda kwenu. Ukienda na mtoto atakufuata, maana atasema mtoto ni wake. Ukienda peke yako atatukana, atachoka, ataoa mwingine. Mtoto niachie mimi." Na yule mbwa wa jirani ambaye Bibi alikuwa anamwaza alfajiri ile hakubweka kwa kuwa Bi Mgeni alimpelekea mifupa. Mama alikwenda kwao, na akafunga mdomo ili Bi Mgeni asije akapigwa kwa kumsaidia. Akaufunga kwa muda mrefu kiasi kwamba hata baada ya Mzee Kondo kufa haukufunguka tena.

"Alinibeba mgongoni mpaka miguu yangu ikawa inaburuzika chini," Dada akasema. "Watu wakimcheka, mwanamke huyu, mtoto mkubwa hivyo! Yeye anasema, huyu ni amana, nikimshusha atachubuka. Alipokufa, unajua watani walifanya nini? Mmoja alivaa kanga yake, akambeba kijana mzima mgongoni, ndevu zimeshamtoka, akatembea naye uani ameinama. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nikasimama pale nikijua kwamba anayebebwa ni mimi."

Mafuta yalikuwa yameanza kutoa moshi. Nikayatoa jikoni. Yeye hakuona.

"Sasa huyu mtoto wako anampa jivu la kutia kwenye mboga."

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ya kikao. Akasema jambo ambalo nakuandikia kwa idhini yake. Mzee Kondo alipofariki, Bi Mgeni mwenyewe alimshika dada yangu mkono akamleta Kisarawe kwa Mama. "Amana yako hii," alisema, "imekua." Akanywa maji, akaondoka. Na Mwajuma, aliyekuwa msichana wa kuweza kuchota maji na kupika, alilia kutaka kurudishwa. Alilia kwa siri, chooni na kisimani, kwa muda mrefu sana.

"Mwaka mzima nilimlilia Bi Mgeni nikiwa nyumbani kwa mama yangu mzazi," akasema. "Hilo ndilo nisilotaka. Habari za Mama kuondoka sasa nani hazijui, hata mbuzi anazijua. Lakini kitabu kikianza kufukua, watafika na hapo. Mama ni mzee sasa. Akisikia hilo litamuua."

"Dada," nikamwambia, "Mama anajua."

"Anajua nini?"

"Ni nani aliyesema habari za Bi Mgeni si zake, ni zako? Alizijua, akakuachia."

Akanitazama kama nimemmwagia maji. Kisha akaokota kisu, akaendelea kumenya, lakini alikuwa anamenya mhogo ambao ulikwisha kumenywa.

Nimekaa na hayo tangu Alhamisi, na nataka nikuambie ninachokifikiri, halafu utakifikiri mwenyewe. Yule mwanamke mwenye jivu hakutoka Maneromango. Alitoka kwenye rafu yangu. Ulipofika mahali ambapo Bibi hakukusimulia, uliingiza mkono kwenye vitabu nilivyokulisha tangu utotoni, ukamchomoa mke mwenza aliyekuwa tayari: amepigwa pasi, amekunjwa, na mtoto wa kulia pembeni yake. Ungefanya nini, na hao ndio niliokuwekea karibu? Si kosa la kukufanya uache kuandika. Ni kosa la mtu aliyerithi stoo ya mama yake.

Wako watakaokuambia kwamba mwandishi mwanamke awaandike wanawake wema, tusiaibishwe. Mjomba Shomari atakuwa wa kwanza. Wengine watapenda wanawake wako walie, kwa kuwa mwanamke anayelia ni rahisi kumhurumia na hasumbui mtu. Wengine watataka wawe mashujaa wasioogopa hata mbwa. Mimi sina elimu ya kubishana nao. Ninachojua ni kwamba Bibi alikubali kuitwa mtoro mbele ya ukoo mzima bila kukunja uso, ila akakataa kulizwa. Na Mama Mkubwa aliweza kuvumilia siri kutoka, ila hakuvumilia kuona mwanamke aliyembeba mgongoni anapewa jivu. Hakuna kati yao aliyetaka kupambwa.

Basi jibu langu ni hili. Kitabu kipeleke. Lakini si hicho kilichomo ndani ya begi. Waambie hao wachapishaji wakupe muda, sura ya nne hujaiandika bado. Wakikataa kungoja, wasingoje. Kazi yako ya uhariri si ya kutegemea riwaya hiyo, na mimi nitasimama na wewe, kwa Mjomba na kwa yeyote. Nilichelewa kulisema hilo. Nilipaswa kulisema siku ile mbele ya watu, badala ya kutaja chai.

Na yule mama wa msimulizi, wa ukurasa wa tatu, huyo mwache alale. Nimeshamzoea. Ukijaliwa kitabu cha pili, tutazungumza.

Bado jambo moja. Jana jioni Mama Mkubwa alinipigia. Aliuliza basi lako linaondoka saa ngapi na utakaa siti namba ngapi. Nikamwambia. Leo asubuhi ametuma mjukuu wake stendi, amekata siti iliyo pembeni yako, hadi Morogoro. Anasema atalala kwa Athumani mwanawe na kurudi Jumanne. Nikamuuliza kama nikuambie. Akasema, "Mwambie mimi si bibi yake, sina utani naye. Asinichekeshe, na hiyo simu yake asiniwekee mdomoni kunirekodi. Nitasema mara moja tu."

Kwa hiyo mwachie upande wa njia, miguu yake inamsumbua, wewe kaa dirishani. Mpe shikamoo yake vizuri, kisha ngoja. Akinyamaza, na wewe nyamaza, hata kama mtafika Chalinze hajafungua mdomo. Usimsaidie neno. Kutoka hapa hadi Morogoro ni mbali kuliko unavyodhani, na ameungoja umbali huo kwa muda mrefu. Akishuka, mshike mkono mpaka akanyage chini.

Ukibaki peke yako, una safari nzima hadi Dodoma ya kuandika.

Ni mimi,
Mama yako